Pembe Zisizokuwapo: Majina ya Ngara na Biharamulo na Visanamu vya Waviking

Utangulizi

Wakati wa likizo ndefu nilipita gulioni Biharamulo nikiwa safarini kwenda nyumbani Ngara. Mama mmoja alikuwa ametandaza turubai la mitumba, na pembeni mwa nguo za watoto palikuwa na rundo la vidoli vilivyokuja ndani ya robota. Niliokota kimoja: mtu wa plastiki, urefu wake kama kidole cha kati, ndevu nyekundu, shoka mkononi, na kichwani kofia ya chuma yenye pembe mbili. Chini ya nyayo zake paliandikwa Erik. "Kachukue hako kashetani, mwanangu," mama yule akaniambia, "mia tano tu. Watoto wanakaogopa." Nikakanunua.

Nyumbani bibi yangu alikageuzageuza, akatazama zile pembe, akauliza maswali mawili tu. Huyu anaitwa nani? Halafu: mwene nde, yaani ni mtoto wa nani? La kwanza nililijibu. La pili likanishinda. Bibi akanirudishia kisanamu changu, na akasema kwamba mtu ambaye hajulikani ni wa nani haweki nyumbani mwake.

Makala haya yalianza kama jaribio la kumjibu bibi. Nilipoendelea kusoma niliona kwamba suala lenyewe linatuhusu sisi wanafunzi wa fasihi kuliko nilivyodhani. Hoja yangu ni hii: jina la mtu ni utungo wa fasihi simulizi. Lina mtunzi, lina tukio lililolizaa, na lina hadhira iliyokusudiwa. Msomaji asiyejua kanuni za utanzu huo hulibandika jina pembe ambazo halikuwa nazo. Kule Ulaya kosa la namna hiyo limezaa vidoli. Kwetu mpakani linaweza kumfanya mtu aulizwe kama kweli yeye ni mwenyeji wa mahali alipozaliwa.

Mwana wa nani?

Waviking ni jina tulilozoea kuwaita mabaharia wa Skandinavia, yaani Norway, Denmark na Sweden za kale, waliovamia, kufanya biashara na kuhamia nchi za watu kati ya karne ya 8 na ya 11. Lugha yao iliandikwa kwa wingi huko Iceland katika karne ya 13. Miongoni mwa waandishi wa huko alikuwamo Snorri Sturluson, aliyeuawa mwaka 1241. Msomaji atakumbuka basi kwamba masimulizi mengi tuliyonayo yaliandikwa miaka mia mbili au zaidi baada ya watu wanaosimuliwa. Ni masimulizi, na sisi tunajua namna ya kuyasoma masimulizi.

Erik wangu bila shaka amekusudiwa kuwa Eirik Mwekundu, aliyeongoza walowezi kutoka Iceland kwenda Greenland karibu na mwaka 985. Jina lake kamili lingemridhisha bibi: Eirik Thorvaldsson, yaani Eirik mwana wa Thorvald. "Mwekundu" ni lakabu tu. Mwanawe, anayesimuliwa kuwa alifika Amerika ya Kaskazini karibu na mwaka 1000, aliitwa Leif Eiriksson. Binti yake aliitwa Freydis Eiriksdottir. Tazama: baba, mwana na binti, na hakuna jina la ukoo linalowafunga wote watatu. Kila mtu anabeba jina lake na la mzazi wake, na kizazi kinachofuata jina la nyuma linabadilika. Huu ni ubini, na si mgeni kwetu. Mtanzania anayejaza fomu huandika jina lake, la baba na la babu. Kwa jambo hili tuko karibu zaidi na Iceland kuliko na Uingereza. Waiceland wanaufuata mtindo huu hadi leo, na sheria yao ya mwaka 1925 ilikataza watu kujitungia majina mapya ya ukoo. Hata kitabu chao cha simu kilipanga watu kwa jina la kwanza.

Mtoto alipozaliwa alinyunyiziwa maji na kupewa jina, desturi iliyokuwapo kabla ya ubatizo wa Kikristo. Aghalabu alirithi jina la ndugu aliyekufa. Majina mengi yalibeba jina la mungu Thor: Thorstein ni Thor na jiwe, Thorbjorn ni Thor na dubu. Dini ilipobadilika majina hayakufutika. Askofu wa Iceland aliyekufa mwaka 1193 na kuheshimiwa kama mtakatifu aliitwa Thorlak, jina lenye Thor ndani yake, na hakuna aliyeona ajabu.

Kisa kimoja anachokisimulia Snorri kinamfaa kila msomaji wa jarida kama hili. Mfalme Olaf wa Norway alizaliwa mtoto usiku, mtoto dhaifu mno, ikahofiwa angekufa kabla ya kubatizwa. Mfalme amelala, na hapana aliyethubutu kumwamsha. Mshairi wake, Sigvat, akatoa jina mwenyewe: Magnus. Asubuhi mfalme akawaka. Jina hili halikuwamo katika ukoo wetu, umelitoa wapi? Sigvat akajibu kwamba amemwita kwa jina la mfalme Karl Magnus, mtu bora kuliko wote aliowahi kuwasikia duniani. Mtoto akaishi, akawa mfalme, na baada yake Magnus likawa jina la wafalme wengi wa Norway. Mtunzi, tukio, hadhira: vyote vitatu vimo.

Pembe zilitoka wapi?

Na zile pembe? Mpaka leo hapajapatikana kofia ya vita ya Kiviking yenye pembe. Kofia mashuhuri ya zama hizo, iliyopatikana Gjermundbu nchini Norway mwaka 1943, ni ya chuma, ina kinga ya macho kama miwani, na haina pembe hata moja. Zipo kofia mbili za shaba zenye pembe zilizopatikana Veksø, Denmark, mwaka 1942, lakini hizo ni za karibu miaka 1,700 kabla ya Waviking.

Aliyezieneza pembe hizo ni fundi wa mavazi ya jukwaani. Mwezi Agosti 1876, mjini Bayreuth, Ujerumani, mtunzi Richard Wagner alionyesha kwa mara ya kwanza mfululizo wake mzima wa tamthilia nne za muziki, zinazotokana na masimulizi ya miungu na mashujaa wa Kaskazini. Mbunifu wa mavazi, Carl Emil Doepler, aliwavika baadhi ya wahusika kofia za pembe. Zilipendeza jukwaani, zikaingia kwenye michoro, vitabu vya watoto, na hatimaye kwenye plastiki. Hata LEGO, kampuni ya Denmark kwenyewe, ilipotoa visanamu vyake vya Waviking mwaka 2005 iliwapa pembe. Wajukuu wamemvika babu yao kofia ya maigizo.

Wapo watu Ulaya na Marekani wanaokusanya visanamu hivi kwa mamia, wakavipaka rangi kwa brashi nyembamba na kuvipanga kabatini. Siwacheki. Watu wa Kaskazini wenyewe walichonga watu wadogo. Mwaka 1831, katika kisiwa cha Lewis, Scotland, ziliibuka kete za sataranji za karne ya 12 zilizochongwa kwa pembe za sili mkubwa wa baharini: wafalme wameweka panga magotini, malkia wameshika shavu kama waliofiwa, na askari wengine wanang'ata ngao zao kwa ghadhabu. Ni kazi nzuri ajabu. Lakini hakuna hata mmoja mwenye jina. Tunaziona nyuso na hatujui ni za nani, na hapo ndipo swali la bibi linaporudi.

Ng'ombe wa Bweranyange

Kwa visanamu hatuna haja ya kuvuka bahari. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipita katika nchi yetu, ambayo yeye aliiandika Usui, akacheleweshwa na kutozwa hongo na mtawala wake, Suwarora. Usui yake ni Rusubi, sehemu ambayo leo tunaitafuta kwenye ramani upande wa Biharamulo. Kwa hiyo hata jina la nchi lilifika Ulaya likiwa limepungua herufi. Kutoka hapo Speke aliendelea kaskazini hadi Karagwe, kwa Rumanyika, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange.

Miaka kumi na mitano baadaye, mapema mwaka 1876, Henry Morton Stanley naye akafika kwa Rumanyika. Ni mwaka uleule wa Bayreuth. Akaonyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, na humo, pamoja na mikuki na vitu vingine, mlikuwa na wanyama wadogo wa madini: bata wenye mabawa ya shaba, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Hazina ya Karagwe ilikuwa pia na ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda, na masimulizi huihusisha kazi hiyo na Ndagara, baba yake Rumanyika, mfalme anayekumbukwa kuwa mfua chuma.

Hivyo basi, mwaka mmoja, huku fundi wa Ujerumani akiwavika pembe watu ambao hawakuwa nazo, kwetu ng'ombe wa chuma walikuwa wamekaa gizani na pembe zao halali. Ng'ombe wa eneo hili huitwa kwa rangi yake: bihogo ni mwekundu uliokolea, gaju ni wa kahawia hafifu. Mfugaji akilitaja jina umemwona mnyama. Mgeni aliyeandika "ng'ombe wa shaba" alitoa hesabu ya vitu. Ule utungo ulioambatana na vitu hivyo, nani alivitoa, siku gani, kwa maneno gani, haukuingia daftarini mwake. Na Rumanyika mwenyewe, kwa sikio la Mnyambo au Mhaya, ni neno lenye maana ya kujulikana. Mtu ajulikanaye aliandikwa na watu ambao hawakuuliza jina lake linasema nini.

"Hawa" wa majina yetu

Sasa niingie katika majina yenyewe. Ngara ina Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi, na Kihangaza kinasikilizana na Kirundi kiasi kwamba majina ni yale yale pande zote za mpaka. Upande wa Biharamulo, Kisubi kinakaribiana na Kizinza na Kihaya, na majina yanaegemea huko. Kwa maoni yangu majina haya yanaweza kugawanywa katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni majina ya kanuni. Hapa mzazi hatungi, anapokea. Mtoto wa saba ni Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda, wa kumi Bucumi. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi. Kwa Wahaya mapacha wa kiume ni Ishengoma na Kato. Mimi ni mtoto wa saba, kwa hiyo msomaji ameshajua jina langu la nyumbani.

Fungu la pili ni majina ya utunzi, na hapa ndipo fasihi ilipo. Mengine ni sala: Habimana, Mungu yupo; Bizimana, ajuaye ni Mungu; Ndayisaba, namwomba Yeye. Imana alikuwa jina la Mungu kabla ya wamisionari, na kama Thor wa askofu Thorlak, alivuka salama hadi kwenye vyeti vya ubatizo. Mengine ni malalamiko. Wapenzi wa kandanda wanamfahamu Saido Ntibazonkiza, Mrundi aliyechezea Yanga, Geita Gold na Simba. Uwanja mzima ulilitamka jina lile bila kujua kwamba ni sentensi kamili: nti ni ukanushi, ba ni wao, zo ni wakati ujao, n ni mimi, kiza ni kuokoa. Hawataniokoa. Baranyanka ni wananichukia. Na kwa Wahaya lipo Tibaijuka: hawakumbuki.

Wao ni akina nani? Huyu ba asiyetajwa ndiye mhusika mkuu wa utanzu huu. Ni jirani, ni shemeji, ni wakwe, ni watu waliotoa ushahidi wa uongo barazani. Mtunzi hawataji kwa sababu anajua wanasikia. Fikiria mama anamwita mwanawe jioni arudishe mbuzi: "Hawa-wananichukia, njoo!" Jina linapita juu ya ua na kutua kwa mlengwa, na mlengwa hawezi kugombana na mtu anayemwita mtoto wake.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na jina la aina hii, lililotungwa kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Bibi ananiambia kwamba jirani alinyamaza hadi naye alipopata mtoto wa kiume, akamwita Habimana. Mungu yupo. Hapana tusi, wala hapana jibu la moja kwa moja, lakini kijiji kizima kikaelewa kwamba kesi imepelekwa juu zaidi. Haya ni malumbano, hayana tofauti na yale tunayofundishwa katika ushairi wa Waswahili, ila beti zake zinatembea na kukua. Jina la babu sitaliandika hapa. Wajukuu wa jirani yule leo ni wakwe zetu.

Mwenzangu mmoja katika semina alinipinga. Alisema kwamba jina ni lebo tu, na fasihi ni sanaa. Tukiita kila kitu fasihi neno litakosa maana. Pingamizi lake lina uzito, na kwa majina ya kanuni ninakubaliana naye kwa sehemu. Lakini neno moja linalobeba mnenaji, mlengwa, mgogoro na wakati, na likaeleweka na wale tu waliokusudiwa, ni lebo ya namna gani? Sisi huisifu methali kwa ufupi wake. Jina limeifupisha hata methali.

Dirishani

Nilipomaliza kidato cha sita nilihitaji kitambulisho ili niombe mkopo wa masomo. Katika ofisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa, nilimwamkia mzee aliyekuwa dirishani. Akaitikia vizuri, akasoma fomu, akaitazama tena. "Kijana, hili jina ni la ng'ambo." Nikasema, "Mzee, ni la Ngara." Akauliza, "Ngara ya wapi? Nyandwi ni Mrundi huyu." Halafu akafika kwenye jina la babu, lile la malumbano, na fomu ikawekwa pembeni. Nikaambiwa nilete uthibitisho wa babu. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Barua ya kijiji ilipopatikana, na ya pili iliyosahihisha ya kwanza, dirisha la mkopo lilikwisha kufungwa. Baba akauza ng'ombe. Alikuwa bihogo.

Simlaumu sana mzee yule. Alikuwa msomaji, na kila msomaji husoma kwa yale anayoyajua. Anajua kwamba tarehe 28 Aprili 1994 daraja la Rusumo lilianza kuvukwa na Wanyarwanda zaidi ya laki mbili ndani ya muda wa siku moja hivi, na kwamba Ngara ikawa na kambi ya Benaco, jina ambalo lenyewe ni la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Anajua kuwa mwaka 2013 ilikuwapo Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Asichokijua ni kwamba lugha iliutangulia mpaka. Bugufi ilikuwa na uhusiano wa utawala na Burundi kabla ya Wajerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana, ikabaki Tanganyika. Watu hawakuhama. Mstari ndio uliohamia kwao. Jina Nyandwi linasema jambo moja tu, kwamba mtoto huyu ni wa saba. Uraia haumo ndani yake, kama pembe zisivyokuwamo katika kofia ya Gjermundbu. Zimebandikwa na mtazamaji.

Hitimisho

Nimerudi kwa bibi na jibu. Nilimwambia kwamba yule ni Eirik, mwene Thorvald, aliyeitwa Mwekundu, na kwamba alikuwa na mwana aitwaye Leif na binti aitwaye Freydis. Akasikiliza. Akauliza kuhusu pembe. Nikamweleza kuwa si zake, alivikwa na watu wa maigizo. "Basi mvue," akasema. Nilichukua kisu cha jikoni nikazikata. Eirik yuko dirishani mwa bibi, na hakuna tena mtoto anayemwogopa.

Wenzangu, na walimu wetu mnaosoma kurasa hizi: tunakusanya methali, vitendawili, nyimbo za jando na za kilimo, na ni vema. Majina hatuyakusanyi kwa sababu tunadhani yako kwenye daftari la mahudhurio. Kilichomo daftarini ni tahajia. Mtunzi, tukio na mlengwa wamo vichwani mwa bibi zetu, na bibi zetu hawatukai milele. Likizo ijayo kila mmoja aende nyumbani na daftari, akae chini, aulize jina la babu yake lilitungwa na nani, siku gani, likimlenga nani. Aandike. Kama jibu litawaumiza majirani, alihifadhi kwanza mpaka watakapokuwa wakwe.